Mgonjwa Asiyeweza Kulalamika: Kutuliza Maumivu ya Mnyama Kabla na Baada ya Upasuaji



Mada yetu ya leo ni maumivu ya mnyama anayefanyiwa upasuaji: namna yanavyozuiwa kabla ya kisu, namna yanavyotulizwa baada ya mshono, na mambo ambayo mwenye mnyama ana haki ya kuyauliza kabla ya kutoa fedha yake.

Huduma hii inatofautiana na huduma nyingi tunazozizungumzia katika mfululizo huu. Anunuaye kiatu kinachobana hukisikia mguuni mwake siku ile ile. Anayeng'olewa jino bila ganzi hupiga kelele akiwa bado kitini. Lakini mbwa anapotolewa kizazi, ndama anapokatwa pembe au punda anaposhonwa jeraha, anayelipa ni mmoja na anayeumia ni mwingine. Mlipaji haumii, na mwenye kuumia hasemi. Kwa sababu hiyo huduma duni yaweza kulipiwa bei ya huduma njema, risiti ikaandikwa, na asitokee wa kulalamika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mnyama ni mwepesi zaidi machoni petu, kwa kuwa mwenyewe hana neno la kutuambia uzito wake.

Ndiyo maana tunasema kwamba katika huduma hii mteja hawezi kungoja malalamiko. Sharti aulize mapema.

KIMYA SI DALILI YA NAFUU

Yako madai mawili ya zamani ambayo bado tunayasikia minadani, mazizini na hata katika baadhi ya vyumba vya tiba. La kwanza ni kwamba mnyama haumii kama mtu. La pili ni kwamba maumivu kidogo yanafaa, kwa kuwa humfanya mnyama atulie na asirarue mshono.

Tuanze na la kwanza. Mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe wana mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya jeraha kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo, kama tulivyo nayo sisi. Dawa zinazotutuliza sisi, nyingi huwatuliza na wao, ingawa vipimo ni tofauti na baadhi ya dawa ni sumu kwao, jambo tutakalolirejea. Kutoweza kusema si ushahidi wa kutoumia. Binadamu alijifunza somo hili kwa watoto wake mwenyewe: hadi miaka ya 1980 watoto wachanga katika hospitali nyingi walipasuliwa kwa dawa kidogo sana za maumivu, kwa kudhaniwa kuwa hawahisi sana. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata misukosuko michache zaidi ya mwili kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliporekebisha maelezo yake ya neno maumivu, kiliweka wazi kwamba kushindwa kujieleza hakuondoi uwezekano kwamba mtu, au mnyama, anaumia.

Zaidi ya hayo, wanyama wengi huficha maumivu kwa sababu iliyo ya kale kuliko ufugaji. Porini, mbuzi au punda aonyeshaye udhaifu ndiye anayechaguliwa na chui au fisi. Punda hasa ni mvumilivu wa kupotosha: anaweza kusimama kimya, ameinamisha kichwa, huku hali yake ni mbaya, na mwenyewe akasema amechoka tu. Paka naye hujiingiza chini ya kitanda au nyuma ya kabati, na wenye nyumba wakafurahi kwamba amepumzika.

Ama dai la pili, mambo yako kinyume. Mnyama anayeumia hula kidogo, hulala vibaya, hulamba na kuuma mshono, na kidonda chake huchelewa kupona. Ng'ombe wa maziwa anayeumia hapati hamu ya malisho, na maziwa hupungua. Aliyetulizwa vizuri ndiye anayelala na kumwachia mwili wake kazi ya kujiponya. Kumzuia asirarue mshono ni kazi ya kola shingoni, kamba na uangalizi. Maumivu hayakuumbwa kuwa kamba.

KULALA NI KITU KIMOJA, KUTULIZWA MAUMIVU NI KINGINE

Wenye wanyama wengi wakiambiwa, "Atachomwa sindano ya usingizi," huridhika. Tunaomba wasiridhike upesi, kwani chini ya neno hilo moja hujificha vitu vinne tofauti.

Kipo kwanza kilevi kinachomlegeza mnyama awe mpole na ashikike. Baadhi ya dawa hizi, kama asepromazini, hazitulizi maumivu hata kidogo. Mnyama hulegea, lakini anahisi. Nyingine, kama zailazini, hutuliza maumivu kwa muda mfupi tu. Cha pili ni nusukaputi, inayompotezea mnyama fahamu zote. Cha tatu ni ganzi, kama lidokeini, inayoziba mishipa ya fahamu ya mahali panapokatwa. Cha nne ni dawa zenyewe za kutuliza maumivu, kama melosikamu, ambazo pia hupunguza uvimbe, na zile kali za jamii ya mofini, ambazo sheria huzidhibiti.

Hata mnyama aliye katika nusukaputi, mishipa yake huendelea kupeleka habari za jeraha kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionyesha kwamba uti wa mgongo ukipigwa na wimbi la habari za namna hiyo hubadilika wenyewe: huwa mwepesi kushtuka, na jambo dogo huuma kama kubwa. Kila aliyewahi kuunguzwa na maji ya moto anaijua hali hiyo, pale ambapo hata kuguswa na nguo huwa adhabu. Mwaka 1988 Patrick Wall aliwahimiza madaktari wazuie maumivu kabla ya kisu badala ya kuyakimbiza baada yake. Ushauri huo ndio msingi wa huduma bora ya leo: dawa ya maumivu hutangulia, kisu hufuata. Itolewayo mnyama akiwa ameshaanza kulia hufanya kazi kubwa zaidi kwa mafanikio madogo zaidi.

Vilevile, maumivu hayapiti njia moja. Jeraha lenyewe huuma, uvimbe huuma, na mishipa iliyoshtuka huuma kwa namna yake. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu huunganisha dawa za aina tofauti, kila moja kwa kiasi cha wastani, badala ya kuitegemea moja kwa kiasi kikubwa.

Mfano ulio wazi kabisa ni ndama anayekatwa pembe. Akikatwa bila dawa, homoni ya kortiso, ambayo ni kipimo kimojawapo cha dhiki ya mwili, hupanda katika damu yake na kubaki juu kwa saa kama 7 au zaidi. Akipigwa ganzi ya lidokeini peke yake, hutulia wakati wa kukatwa. Lakini ganzi hiyo huisha baada ya saa chache, na dhiki iliyozuiwa asubuhi huja adhuhuri, mtaalamu akiwa ameshaondoka. Akipewa ganzi pamoja na dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kupanda huko huzuiwa kwa sehemu kubwa. Kazi ni ile ile, na pembe ni zile zile. Kilichotofautiana ni sindano ya pili, na mtu wa kuiulizia.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Swali la kwanza: Nani atakayempasua? Katika Tanzania, Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa mifugo. Kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake si kumtukana. Mtaalamu wa kweli hujivunia cheti chake.

Swali la pili: Atapewa dawa gani ya maumivu, na saa ngapi? Jibu zuri hutaja dawa kwa jina, na hueleza kwamba itatolewa kabla ya kisu. Jibu la kwamba "atalala tu, hatasikia" halijajibu swali, kwa kuwa halisemi lolote juu ya saa za kuamka.

Swali la tatu: Je, atapigwa ganzi mahali panapokatwa? Lidokeini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu katika chumba cha tiba. Tena ganzi huhitaji dakika kadhaa ili ishike. Mtaalamu achomaye sindano na kukata papo hapo ameifanya sindano yake kuwa mapambo. Kipimo nacho hufuata uzito, na kwa mbuzi na wanyama wadogo hasa, ganzi ikizidi hudhuru.

Swali la nne: Atarudi nyumbani na dawa gani, kwa kipimo gani na kwa siku ngapi? Majibu haya yaandikwe. Maneno ya mdomo husahaulika njiani, hasa mwenyewe akiwa amembeba mnyama anayepepesuka.

Swali la tano: Je, bei niliyotajiwa inajumuisha dawa za maumivu? Bei mbili za kutoa kizazi cha mbwa haziwezi kulinganishwa iwapo moja ina dawa hizo na nyingine haina. Ya chini yaweza kuwa ya chini kwa sababu hiyo tu.

Nasi wenye wanyama tuna yetu ya kusema kabla ya kuulizwa. Tumweleze mtaalamu umri wa mnyama, magonjwa aliyowahi kuugua, kama ana mimba, na kila dawa aliyopewa siku za karibuni, hata ile ya duka la pembejeo au ya miti shamba. Hili si jambo dogo. Mnyama aliyechomwa deksamethazoni, kisha akapewa dawa ya jamii ya melosikamu, huweza kupata vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Tuhakikishe pia kwamba amepimwa uzito, wala hakukadiriwa kwa macho, na tufuate kwa uaminifu saa za kumnyima chakula tulizoagizwa.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Sasa kazi ya kutazama inahamia kwetu. Wataalamu wametengeneza mizani ya kupima maumivu kwa kutazama tu. Chuo Kikuu cha Glasgow kilitunga ya mbwa. Na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha ya paka, inayosoma uso wake. Mwenye mnyama hahitaji karatasi za wataalamu ili afaidike na busara iliyomo.

Kwa mbwa, tutazame kama anahema kwa kasi bila joto, anageuka kutazama kidonda, anagoma kulala chini au anabadilisha mkao kila mara, na kama analia au kujikunyata mkono ukikaribia mshono.

Kwa paka, tutazame uso: macho yaliyofumbwa nusu, masikio yaliyolala pembeni, mdomo na sharubu zilizokazana, kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Paka aliyejikunja kama tofali na kuacha kujilamba manyoya hajapumzika.

Kwa ng'ombe na mbuzi, tutazame kucheua. Anayeacha kucheua, akasaga meno, akajitenga na wenzake, akainamisha masikio au kupiga teke tumbo lake, anatuambia jambo. Kwa punda, tutazame kama anakula kweli au anashika tu majani mdomoni, na kama anaegemeza uzito upande mmoja.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni mazoea ya mnyama mwenyewe. Anayekimbilia getini kila jioni na leo hakukimbia, tayari amesema. Tuandike mara mbili kwa siku: amekula, amelala, ametembea, ameguswa kidonda akafanyaje. Hali ikizidi kuwa mbaya badala ya kuboreka, au kidonda kikivimba, kutoa usaha au kunuka, tumpigie simu mtaalamu siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kutoa nyuzi. Nasi tumpe mahali pakavu, penye kivuli na pasipo nzi, maji karibu, na utulivu mbali na watoto na wanyama wenzake.

HATARI ILIYO KABATINI

Huruma isiyo na elimu huua. Hapa tunasema bila kupunguza: kamwe tusimpe paka paracetamol. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini letu, na damu yake hushindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Ufizi ukigeuka rangi ya udongo, uso ukivimba na pumzi zikawa za shida, ni dharura.

Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu nazo si za mbwa wala paka. Hutoboa tumbo na kuharibu figo, hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo. Aspirini kabla ya upasuaji huongeza hatari ya kuvuja damu. Na hata dawa sahihi aliyoandikiwa mnyama isiongezwe dozi kwa sababu amelia usiku, wala asipewe inayofanana nayo juu yake. Akitapika, akihara, akitoa kinyesi cheusi au akigoma kunywa maji, tusimamishe dozi inayofuata na tumwulize mtaalamu kwanza.

Kwa wanyama wa maziwa na nyama pana jambo la ziada, nalo linamgusa kila mlaji. Dawa hubaki mwilini kwa muda. Kila dawa ina muda wake wa kusubiri kabla ya maziwa kuuzwa au mnyama kuchinjwa, na muda huo huandikwa kwenye lebo. Tuuandike ukutani zizini, na maziwa ya siku hizo yasiingie sokoni wala kikombeni kwa mtoto.

MAHALI DAWA ZILIPO CHACHE

Tunatambua kwamba wengi wenu mko mbali na hospitali ya wanyama, na kwamba dawa kali hazifiki kila kijiji. Hilo halihalalishi kukata pasipo kitu. Chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo kilichapisha mwongozo wake wa maumivu mwaka 2014 na kuuboresha mwaka 2022, kikizingatia pia nchi ambako dawa zinazodhibitiwa hazipatikani. Wazo lake ni jepesi: kitumike kilichopo, kwa mpangilio mzuri. Ganzi ya mahali pamoja na sindano moja ya dawa ya maumivu na uvimbe, zikitangulia kisu, ni bora mara nyingi kuliko kamba na wanaume wanne wa kumkandamiza mnyama.

Kuwahi nako ni dawa. Ndama aondolewe vichipukizi vya pembe akiwa bado mdogo, kabla pembe haijashika fuvu. Jeraha huwa dogo zaidi, ingawa ganzi bado inamstahili. Majirani wanaohitaji huduma moja wanaweza kumwita mtaalamu siku moja, wakagawana gharama ya safari yake, na kila mmoja akabakiwa na fedha ya dawa.

HAKI NA MAHALI PA KUIDAI

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Kwa hiyo anayemtetea mnyama wake mbele ya mtoa huduma hana sababu ya kuona haya. Amesimama mahali sheria inaposimama.

Ikiwa huduma haikuwa kama mlivyokubaliana, anza kwa kuzungumza na mtoa huduma mwenyewe, kwa adabu na kwa ushahidi: risiti iliyochanganuliwa, karatasi ya dawa, picha za kidonda zenye tarehe, na yale uliyoyaandika asubuhi na jioni. Msiposikilizana, malalamiko juu ya mwenendo wa daktari wa mifugo yapelekwe kwenye Baraza la Veterinari. Asiye na karatasi huwa na hadithi tu, na mgonjwa wake hawezi kuitwa kutoa ushahidi.

Tunahitimisha kwa ombi moja. Kabla ya kumwachia mtu kamba ya ng'ombe wako au kapu la paka wako, muulize: "Atapewa nini cha maumivu, na atapewa lini?" Swali hili halina gharama, nalo halichukui hata dakika moja. Likiulizwa na kila mteja, kila mtoa huduma atajiandaa kulijibu, na dawa itawekwa tayari mezani kabla ya kisu.